Dogo kamaliza PCM, anataka robotiki digrii ya kwanza. Nimwache au nimgeuze?

Mlipa_Ada

Wakuu habari za muda huu. Nina mdogo wangu kamaliza form six PCM, matokeo ana Fizikia B, Advansi (hesabu) B, Kemia C, sio mabaya nashukuru Mungu. Sasa toka yuko form three alikuwa kwenye klabu ya roboti shuleni kwao, wanaunga unga vibodi vya Arduino na vimota, halafu akaja kufuatilia mtandaoni yale mashindano ya FIRST Global yaliyofanyika Athens 2024, akaona vijana wa Afrika wamesimama pale na roboti zao, basi toka hapo haongei kitu kingine ndani ya nyumba. Anataka robotiki, na anataka hilo jina liandikwe hivyo hivyo kwenye cheti cha digrii ya kwanza, habari za "utasomea mbele ya safari" hataki kuzisikia.

Mzee alishatangulia mbele za haki kwa hiyo mlipa ada ni mimi na neno la mwisho ni langu, sasa sitaki nilitumie vibaya. Mimi nimesoma uhasibu, hayo mambo ni kizungumkuti kwangu. Bi mkubwa anauliza kwa nini asisome udaktari, nimemwelewesha PCM haina Biolojia mpaka nimechoka. Anko yuko Ujerumani anasema amlete huko vyuo vya serikali ni bure. Jirani kaniambia Kenya kuna mekatroniki, ule mchanganyiko wa mekanika, umeme na programu. Mimi kichwani nilikuwa na Umeme pale Mlimani au DIT, apate mkopo wa bodi, hayo maroboti akasomee masters.

Naombeni mnisaidie, hiyo robotiki mtu anasoma nini hasa miaka yote hiyo? Kazi ipo hapa kwetu au ndo namlea mtu wa kuja kukaa sebuleni na cheti kizuri? Waliopita huko karibuni.

spana_17

Mkuu mimi niko kiwanda cha vinywaji hapa Dar upande wa otomesheni, jina la kampuni niache. Nikwambie hali halisi. Roboti tunazo, ile mikono ya mwisho wa laini inayopanga kreti kwenye pallet, lakini ukizihesabu hazijai viganja viwili. Kilichobaki chote ni konveya, mota, inveta, sensa na PLC, kile kikompyuta cha kiwandani kinachoviamrisha. Na ule mkono wenyewe mara nyingi hauharibiki, kinachokufa ni vile vikombe vya mpira vya kunyonya mzigo, paipu ya upepo imetoboka, au jicho la sensa limejaa vumbi mashine inadhani kuna kreti wakati hakuna kitu. Saa nane za usiku laini imesimama, meneja yuko kwenye simu, hakuna atakayekuuliza hesabu za roboti, unaulizwa unaweza kusoma drowingi ya umeme ukajua ni waya gani haujaleta signo.

Halafu kuna hili la cheti. Matangazo ya kazi yanaandikwa Umeme, Elektromekaniki, siku hizi na Mekatroniki unaiona. Anayechuja barua ni mtu wa HR, akikuta jina halijui anaweka pembeni. Na akimaliza chuo atajisajili ERB, bodi ya mainjinia, kama injinia mhitimu, anaingia ule mpango wa SEAP miaka 3 chini ya injinia mzoefu ndo aje kuwa injinia kamili, sasa awe na fani ambayo kuna wakubwa wa kumsimamia. Ushauri wangu Umeme, yaani bila kupepesa macho.

Ila niseme na upande wa pili nisije nikaonekana namkatisha tamaa. Tukitaka kubadilisha kitu kikubwa kwenye ile mikono, mfano chupa mpya ina umbo lingine, analetwa mtu kutoka nje, analipiwa ndege na hoteli, anakaa na laptopu siku chache anaondoka na hela ya maana. Hilo pengo lipo, na wa kuliziba hapa nchini ni wachache mno.

Mtoto_wa_Tanga

Spana uko sahihi kwa kiwanda chako ila usimfungie dogo dunia nzima kwenye laini ya soda.

Mimi niko Marekani mwaka wa tatu, nasoma robotiki yenyewe sio mchanganyiko. Mleta uzi ujue kwanza huu ubishi wako hata huku wameubishania sana. Carnegie Mellon wana taasisi ya robotiki toka 1979 lakini miaka na miaka ilikuwa ya masters na PhD, mtoto wa digrii ya kwanza anasoma kitu kingine kisha robotiki anaiongeza juu. Chuo cha kwanza huku kutoa digrii ya kwanza ya robotics engineering ni WPI kule Massachusetts, 2007. Michigan wao wameanzisha ya kwao 2022 tu juzi hapa. Kwa hiyo ni fani changa, na waliokuwa wanaipinga walikuwa na hoja hiyo hiyo yako, kwamba mtoto wa miaka 18 ajue kwanza fani moja vizuri.

Waliosema ianze mapema hoja yao ni hii, na mimi nimeiona kwa macho. Tulikuwa na roboti ya magurudumu inafuata mstari, ikifika kwenye kona inajizima na kuwaka upya. Jamaa wa programu akakesha anatafuta kosa kwenye programu yake, hakuna. Kumbe kwenye kona mota zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, volti ya betri inashuka, bodi inakosa umeme inajirestati. Hapo tatizo ni la programu, la umeme au la mekanika? Ni la vyote, ungeweza kupunguza kasi kwenye programu, ungeweza kuipa bodi betri yake, ungeweza kubadili gia. Kwenye vyuo vilivyotenganisha fani kila idara itasema sio kwangu hiyo. WPI kozi zao za msingi za robotiki zimepangwa makusudi hivyo, mekanika, elektroniki na programu vinafundishwa pamoja juu ya roboti hiyo hiyo.

Na hesabu zake sio mchezo, asidhani ni kuunga unga Arduino. Chukua mkono wenye jointi mbili tu, bega na kiwiko. Ukipewa nyuzi za jointi kutafuta kidole kiko wapi ni sine na cosine za form four. Sasa geuza, nataka kidole kiende hapa, jointi zikae nyuzi ngapi? Hapo unapata majibu mawili, kiwiko juu au kiwiko chini, au hupati kabisa kama pako mbali. Ile mikono ya kiwandani ya jointi 6 inaweza kukupa majibu 8 kwa sehemu moja na programu ichague moja bila kujigonga. Na mkono ukinyooka kabisa hesabu zinagoma, unaiambia kidole kiende taratibu yenyewe inataka jointi izunguke kwa kasi ya ajabu. Halafu ndo uje kwenye sensa ambazo zote zinadanganya kidogo kidogo, unazichanganya kwa kichujio cha Kalman cha 1960 upate ukweli wa kukaribia. Hayo ukiyasubiri masters utayakuta wenzako wameshayazoea.

Ubaya wa huku ni hela. Vyuo binafsi kama WPI ada peke yake ni zaidi ya dola elfu 50 kwa mwaka, bila skolashipu nzito usijaribu hata kidogo, utauza kiwanja cha mzee.

bajaji_mpya

Hiyo hela ya ada mnunulie bajaji tatu mkuu uone mafanikio. Roboti Bongo hii? Mataa yenyewe trafiki anayazima anaongoza magari kwa mkono 😂😂

Lushois_75

Jambo ndugu zangu, mimi ni mtu wa Lubumbashi. Huyo wa bajaji anacheka lakini kwetu Kongo pale Kinshasa toka 2013 kuliwekwa roboti za kuongoza magari barabarani, ndefu karibu mita 2 na nusu, zinageuka, zinainua mikono, zina kamera, na umeme wake wa jua. Ziliundwa na mainjinia Wakongo na aliyeongoza ile kazi ni mama Thérèse Izay. Mtaalamu atakwambia ile ni taa ya barabarani yenye mikono, sawa, mimi sibishi. Ila mutu anasimamisha gari mbele yake, na ilitengenezwa kwa mvua yetu, kwa vumbi yetu, kwa courant (umeme) yetu yenye inakatika. Wale hawakungoja digrii yenye jina la roboti. Nasema tu dogo asifikiri jina ndilo linafanya kazi.

bajaji_mpya

Haya nimekaa chini. Ila bajaji mbili bado nasimama nazo

Nyeri_Gear

Niaje wadau wa Bongo. Naona Kenya imetajwa, wacha nichangie kidogo. Mimi nilifanya mekatroniki huku, unaipata JKUAT pale Juja na pia Dedan Kimathi hapa Nyeri, na Kimathi wako na kituo cha mafunzo ya mekatroniki walichoshirikiana na Siemens. Ni miaka mitano, sio minne kama kwenu, hiyo ni bajeti ya mwaka mzima zaidi, kaka mlipa ada usisahau. Miaka ya kwanza unateseka na mechanical, drowingi, karakana, thermodynamics, mambo ya maji, unajiuliza roboti ziko wapi jamani, wengi hapo ndio hukata tamaa. Elektroniki, kontro (namna ya kuifanya mashine ijirekebishe yenyewe) na mikroprosesa zinakuja kwa nguvu baadaye, na mwaka wa tano kuna projekti, hapo ndio utajua kama wewe ni injinia ama ulikuwa unapita mitihani.

Classmates wangu wako wapi leo? Wengine wako kwa viwanda wanafanya PLC kama Spana, wengine wako kwa kampuni za sola, kuna wale waliingia software kabisa hawajagusa spana tena, na kuna wawili watatu ndio unaweza sema wanafanya robotiki, na hao walienda masters nje. Hiyo ndio ukweli. Lakini hakuna mwenye anajuta sana, kwa sababu mekatroniki inakubeba pande nyingi.

Mambo mawili aangalie. Moja, kozi iwe imeidhinishwa na EBK, bodi ya mainjinia ya Kenya, aingie kwa orodha yao mwenyewe asiamini brosha. Pili, kuna makubaliano ya mainjinia ya Afrika Mashariki ya 2012 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, ukishakuwa injinia kamili upande mmoja unaweza kutambuliwa upande mwingine, lakini hiyo ni ya aliyesajiliwa, cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Na kabla avuke Namanga aulize TCU, tume yenu ya vyuo vikuu, kama watamtambua akirudi.

Mlipa_Ada

Aisee asanteni sana, hapa nimesoma kuliko nilivyosoma CPA. Dogo nimemwonyesha huu uzi, ile ya kiwiko juu kiwiko chini amechukua karatasi na rula kaanza kuchora, hajala.

Maswali ya nyongeza. Hiyo Ujerumani ya bure ni kweli? Na B ya Advansi inatosha kwa hizo hesabu? Na hii miezi kabla vyuo havijafungua nimpe nini cha kufanya asishinde TikTok, laptopu lazima iwe ya aina gani?

Ticha_Kontro

Nimekuwa napita kimya ila hapa niandike. Nafundisha kontro chuo kimojawapo, sio lazima mjue kipi.

Ujerumani. Ada kwenye vyuo vingi vya serikali ni kweli hakuna, ila jimbo la Baden-Württemberg wanatoza watu wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa semista, na viza inataka uonyeshe hela ya kujikimu mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904. Sasa hiyo "bure" ya anko ina hapo ndani hela ya kuanzia nyumba. Aangalie pia kama cheti cha form six kinamwingiza moja kwa moja au aanze na Studienkolleg, ile kozi ya maandalizi, na lugha, digrii za kwanza nyingi za huko ni Kijerumani. Anko aulizwe kama yuko tayari kuweka hiyo hela au alikuwa anaongea tu kiukoo.

Mkopo wa bodi kimsingi ni wa vyuo vya ndani, kwa hiyo ukimpeleka nje umebeba mwenyewe. Kuna Samia Scholarship kwa waliofaulu sana sayansi form six, matokeo yake sina hakika kama yanafika huko juu lakini kuangalia jina kwenye orodha hakuna gharama.

Hesabu. B inatosha kuingilia, haitoshi kustarehe. Shida ya watoto wetu wa Advansi ni kwamba wanajua kuintegrate mpaka usingizini lakini matriksi, yale majedwali ya namba, wanaipita kama sura ya kujazia kitabu. Robotiki inaishi kwenye matriksi. Michigan walipoanzisha kozi yao ya ROB 101 mwaka 2020 waliianza na aljebra ya mstari kabla ya kalkulasi, na mwanafunzi anaiprogramu papo hapo kwenye kompyuta, na vifaa vya kozi hiyo wameviweka mtandaoni bure. Dogo akae nayo. Akifika chuoni, hata kama ni Umeme, atawashangaza.

Laptopu asitake ya gemu. RAM 16 kama unaweza, 8 itamsumbua, mtumba mzuri wa ofisini unatosha. Aweke mfumo wa Ubuntu 22.04 na ROS 2 Humble, zile zana za kuandikia programu za roboti, na Gazebo ya kuigiza roboti ndani ya kompyuta. ROS 1 asiiguse, matunzo yake yameisha Mei 2025, mtandaoni kuna mafunzo kibao ya zamani yatampoteza wiki nzima. MATLAB, programu ya hesabu, ni ghali, Octave ni bure na kwa kiwango chake haoni tofauti.

Halafu atafute mota moja ndogo yenye enkoda (sensa inayosoma mota imezunguka kiasi gani), moja tu, afanye kitu kimoja, mota isimame pale alipoiambia isimame. Nikisema hivi wanafunzi wananicheka. Njia yenyewe inaitwa PID. Atumie P peke yake, yaani nguvu inayolingana na umbali uliobaki, ataona inakaribia inaishia njiani kwa sababu ya msuguano, hasa akiifunga kauzito. Aongeze I, inayojumlisha kosa la muda wote, inafika lakini inapitiliza na kurudi. Aongeze D, inayoangalia kosa linabadilika kwa kasi gani, inatulia, ila usomaji wa enkoda ukirukaruka hiyo D inaanza kutetemesha mota mpaka inapata moto. Kisha aishike mota kwa mkono sekunde kadhaa halafu aiachie, itaruka vibaya, ajiulize kwa nini, jibu ni I ilikuwa inajaza deni muda wote aliposhika. Akiyaelewa haya manne kwa mkono wake nusu ya kozi yangu ya mwaka wa tatu kaimaliza.

Kuhusu digrii sasa. Spana na Mtoto wa Tanga wote wana haki ila hamsemi kitu kimoja. Robotiki ya digrii ya kwanza ni nzuri pale ambapo chuo kina walimu wa kontro, wa umeme, wa mekanika na wa kompyuta wanaokaa jengo moja na maabara yenye vifaa vinavyofanya kazi. Bila hivyo ni jina, unapewa umeme nusu, mekanika nusu, programu nusu, na unatoka huwezi kumshinda mhitimu wa fani yoyote kati ya hizo. Kabla hujalipa ada ya chuo chochote chenye hilo jina, iwe India iwe Uturuki iwe wapi, omba orodha ya kozi mwaka kwa mwaka. Ukikuta kontro ni semista moja na hesabu zinaishia mwaka wa kwanza, kimbia. Kama ni kwa mfuko wenu nilivyousoma hapo juu, mimi ningempeleka Umeme ya ndani na mkopo, au Mekatroniki ya Kenya kama ule mwaka wa tano unaumudu, na robotiki ya cheti aifuate masters. Si lazima iwe Marekani, Kigali kuna Carnegie Mellon Africa, ile ni ya masters tu, ila digrii zao ni za IT, umeme na kompyuta, na AI, sio za jina la robotiki.

Mtoto_wa_Tanga

Ticha hapo kwenye orodha ya kozi nakupa tano. Ila mimi bado nasema akipata skolashipu ya robotiki yenye hizo sifa aondoke, asibaki kwa ajili ya HR.

Ticha_Kontro

Akipata skolashipu ya namna hiyo hata mimi namsindikiza uwanja wa ndege JNIA.

pepo_za_kusi

Assalaam alaykum. Mnasahau droni jamani, ile nayo ni roboti. Huku Unguja toka 2016 ule mradi wa kupiga ramani ya Zanzibar nzima kwa droni ulichukua vijana wa chuo kikuu cha SUZA wakafundishwa kurusha na kuchakata picha. Rwanda mwaka huo huo Zipline wakaanza kupeleka damu hospitali kutoka Muhanga. Vile vyombo vinahitaji watu wa betri, wa mabawa, wa programu kila siku ya Mungu. Kwa hiyo kazi asiitafute kwenye neno roboti tu, atafute droni, sola, otomesheni, mitambo ya reli ile ya umeme, injini za migodini, kote huko kuna kontro.

Mlipa_Ada

Wakuu nimewaelewa. Tumekaa na dogo jana usiku, kanuna mwanzo lakini kasoma mwenyewe maelezo ya Ticha. Anajaza Umeme Mlimani chaguo la kwanza, DIT la pili, na pembeni anaendelea kuomba skolashipu za nje, ikija yenye orodha ya kozi iliyonyooka namwachia. Anko nilimpigia nikamtajia hiyo akaunti iliyofungwa, mtandao ukaanza kusumbua ghafla 😅

Sasa hiyo mota yenye enkoda inapatikana wapi, maana Kariakoo nimezunguka wananiuzia mota za feni.

spana_17

Usizunguke mkuu. Nenda kwa mafundi wa printa na fotokopi, nunua printa mbovu ya inkjet kwa bei ya kutupa. Nyingi ndani yake kuna mota ya DC na ule utepe wa plastiki wenye mistari midogo pamoja na jicho lake la kusomea, hiyo ndo enkoda. Utepe asiushike na vidole vyenye mafuta. Atahitaji na draiva ya mota, kibodi cha kuipelekea mota umeme, amwambie muuzaji L298N, hiyo Kariakoo ipo. Akikwama kwenye nyaya anicheki inboksi.